Sura ya Saba: Swali Lisivuke Mau

Serikali ya Kenya ilipoanza kusambaza vifaa vya masomo ya kidijitali mwaka 2016, shule za msingi za umma hazikupelekewa vishikwambi vya watoto peke yake. Katika shehena hiyo mlikuwa pia na vipakatalishi vya walimu, projekta, ruta, na seva ndogo ya kuhifadhia masomo. Mazungumzo ya nchi nzima yakawa ya vishikwambi. Seva ilitajwa mara chache sana, nami naamini ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko vifaa vyote vilivyoletwa, hasa kwa shule iliyo mahali kama Kuresoi.

Kuresoi iko upande wa magharibi wa nyanda za juu za Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nchi ya viazi, maziwa na majani chai. Ukitoka Molo unapita Keringet, unafika Olenguruone, kisha barabara inaendelea kuelekea Silibwet katika Kaunti ya Bomet. Mvua ni nyingi, ukungu haukosekani, na mti ukiangukia waya, stima hupotea. Mawimbi ya simu huwa na nguvu kilimani na kufifia bondeni, na bando linanunuliwa kwa pesa ambazo mzazi angeweza kununulia unga. Kwa hali hiyo, kompyuta moja iliyojaa vitabu, video za hesabu na kamusi, inayofikiwa na darasa zima bila kutumia hata shilingi ya bando, ni maktaba kamili. Programu za kuijaza zipo na ni za bure. Kiwix inaweka Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na Kolibri inapanga masomo na mazoezi ili mwalimu afuatilie kila mwanafunzi amefika wapi.

Tatizo linakuja pale mtoto anapotaka kuingia. Mwalimu anaandika ubaoni 192.168.10.2. Watoto arobaini wanainama kuandika. Mmoja amesahau nukta, mwingine ameandika 129 badala ya 192, na kipindi cha dakika thelathini na tano kinayeyuka. Sura hii inahusu namna ya kuipa seva hiyo jina, na namna ya kuhakikisha kwamba jina hilo linajibiwa palepale shuleni, hata siku ambayo Kuresoi yote imekatika na dunia.

Kwanza tuelewe jina la mtandaoni linajibiwaje. Tuchukue mgeni aliyeshuka Molo akitafuta boma la mzee fulani karibu na Kiptagich. Mwendeshaji bodaboda wa Molo hamjui mzee huyo, lakini anajua upande wenyewe. Anamwambia: fika Olenguruone, uulize steji ya kwenda Kiptagich. Olenguruone nako hawamjui mzee, ila wanajua gari la Kiptagich linasimama wapi. Kiptagich ndiko wanakomjua kwa jina, wanakojua lango lake na rangi ya bati lake. Hakuna mtu hata mmoja njiani aliyejua habari yote, na mgeni amefika.

Mfumo wa majina ya vikoa, ambao mafundi wote huuita DNS, umejengwa juu ya mpango huohuo. Simu iliyo Keringet ikitaka egerton.ac.ke, yaani Chuo Kikuu cha Egerton kilicho Njoro, inaiuliza kwanza seva ya kuulizia, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni ya simu. Kama hiyo haina jibu kwenye kumbukumbu yake, inaanzia juu kabisa, kwenye seva za mzizi. Hizo zina majina 13, kuanzia A hadi M, ingawa nyuma ya majina hayo kuna mashine zaidi ya 1,500 zilizotawanyika duniani. Mzizi haujui lolote kuhusu Egerton. Unajua tu ni nani aliyekabidhiwa ke, mwisho wa majina ya Kenya. Wenye ke nao wanajua ni nani aliyekabidhiwa egerton.ac.ke, na huyo wa mwisho ndiye anayetoa nambari yenyewe. Safari yote inachukua sehemu ndogo ya sekunde, kisha jibu linahifadhiwa kwa muda uliowekwa na mwenye jina: pengine dakika tano, pengine siku nzima. Mwendeshaji bodaboda aliyewahi kufika kwa yule mzee haulizi tena, anakwenda moja kwa moja. Mzee akihama bila kusema, atampeleka mgeni kwenye boma tupu, na ndiyo sababu kila jibu linapewa mwisho wake.

Neno la kushika hapa ni kukabidhiwa. Kila anayejibu amekabidhiwa sehemu yake na aliye juu yake, na kila sehemu inaweza kukaa popote pale. Kwa hiyo kuna swali ambalo watu wengi hawalifikirii: jibu la jina ninalolitumia kila siku linakaa wapi? Historia ya majina ya Kenya ni historia ya swali hilo.

Hapo mwanzo hapakuwa na kukabidhiana. Mtandao wa ARPANET wa Marekani ulikuwa na faili moja tu, HOSTS.TXT, lililotunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake katika taasisi ya SRI huko Menlo Park, California. Mwenye kompyuta mpya aliwasiliana nao, wakaiongeza, na wengine wote wakachukua nakala. Kompyuta zilipoongezeka, faili likawa zito na majina yakaanza kugongana. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Southern California, akatoa mpango wa kuligawa jukumu hilo ngazi kwa ngazi. Muda mfupi baadaye wanafunzi wa Berkeley wakaandika BIND, programu ya kuutekeleza mpango huo, na BIND ingali inatumika hadi leo.

Kenya ilikabidhiwa ke mwezi Aprili 1993, enzi ambazo Jon Postel ndiye aliyekuwa akigawa majina ya nchi. Msimamizi alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, ambaye baadaye aliingia bungeni akiwakilisha Rangwe. Upande wa kiufundi ulikuwa mikononi mwa Randy Bush, mhandisi wa Marekani aliyezisaidia nchi kadhaa za Afrika kuingia kwenye mtandao. Nawaheshimu wote wawili kwa dhati, maana walifanya kazi hiyo wakati Wakenya waliojua intaneti walikuwa wachache mno. Hata hivyo, ukweli ni kwamba kwa miaka karibu kumi, mambo ya kiufundi ya jina la nchi yalimalizwa ng'ambo. KENIC, shirika la kusimamia majina ya Kenya, lilipoundwa mwaka 2002 na kukabidhiwa ke, kazi hiyo ikarudi Nairobi.

Njia zenyewe za mtandao zilikuwa na kisa kama hicho, na hicho kilikuwa kichungu zaidi. Barua pepe iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ilipanda setilaiti hadi ng'ambo kisha ikarudi, na kila hatua ililipiwa. Novemba 2000 kampuni za intaneti zilizoungana chini ya chama cha TESPOK zikafungua KIXP, kituo cha kubadilishana data hapahapa nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ikalalamika, na kituo kikaamriwa kifungwe kabla hakijamaliza hata miezi miwili. Leseni ilipatikana Novemba 2001, na Februari 2002 kikafunguliwa tena. Huo ulikuwa ushindi wa watu wachache walioona upuuzi wa ujumbe wa mtaa wa pili kuzunguka bahari, na Kenya inawadai shukrani kubwa kuliko ile iliyowapa.

Kituo kilipokuwapo, mengine yakafuata. Nakala za seva za mzizi, F ya shirika la ISC na J ya Verisign, ziliwekwa hapo, kwa hiyo swali la kwanza kabisa la safari halikulazimika tena kutoka nje ya nchi. Mwaka 2022 ICANN, shirika la kimataifa linaloratibu majina ya mtandaoni, nayo ikatangaza kuweka Kenya kundi la mashine za mzizi wake, la kwanza barani Afrika. Ukizipanga hatua hizo unaona jibu likisogea: California, kisha Nairobi. Hatua iliyobaki, ya kutoka Nairobi hadi kabati la shule iliyo juu ya Olenguruone, hakuna shirika la kimataifa litakaloipiga kwa niaba yetu. Inapigwa na mwalimu wa kompyuta.

Kwa nini apige hatua hiyo? Tarehe 4 Oktoba 2021, mnamo saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni kwa saa za Kenya, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Mashine zilizohifadhi picha na jumbe zilikuwa nzima. Kilichotokea ni kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo iliukata uti wa mgongo wa mtandao wa kampuni inayomiliki huduma hizo tatu. Seva zake za majina zilipoona haziwezi kuvifikia vituo vya data, zikajiondoa zenyewe kwenye ramani ya intaneti, kwa sababu ndivyo zilivyoagizwa kufanya. Jina facebook.com likawa halina wa kulijibu. Hata wahandisi wa kampuni walikwama, kwa kuwa vyombo vyao vya kurekebishia vilitegemea majina yaleyale. Kitu kilikuwapo, ila jina lake lilikuwa limekufa, na kwa mtumiaji hizo hali mbili hazina tofauti.

Tarehe 12 Mei 2024 tuliona upande mwingine. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Sasa tuseme shule ya Kuresoi imeipa seva yake jina, lakini jina lenyewe linajibiwa na mashine iliyo Nairobi au Ulaya. Siku kama hiyo, au siku yoyote ambayo mlingoti wa simu wa Keringet umezimika, kitabu kiko kabatini hatua kumi kutoka kwa mtoto na hakifunguki, kwa sababu swali la jina lake limetumwa kuvuka Mau na halijarudi. Hilo linanikera kama mtu anayependa shule, na kulizuia hakuhitaji pesa.

Kazi yenyewe inaanza kwa nambari. Seva ya majina haiwezi kuwa na anwani inayobadilika kila ikiwashwa, kwa hiyo ipe anwani ya kudumu. Tukiendelea na mfano wetu, ruta ni 192.168.10.1, seva ni 192.168.10.2, na nambari zinazogawiwa vishikwambi zianze mbali kidogo, tuseme kutoka 192.168.10.50, zisije zikagongana na ya seva. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta, mahali inapogawia vifaa anwani, uiambie ivitajie 192.168.10.2 kuwa ndiyo ya kuulizwa majina. Hatua hii husahaulika kuliko zote. Unaweza kuwa na seva ya majina safi kabisa, ikawa inakaa siku nzima bila kuulizwa lolote kwa sababu hakuna kifaa kilichoambiwa kwamba ipo.

Halafu chagua jina, na hapa naomba usikimbie. Kuna wanaopenda kumalizia na local. Hilo limetengwa kwa mfumo mwingine, ule ambao vifaa hutafutana vyenyewe bila seva, na ukilitumia utapata simu zinazoliona jina na nyingine zisizoliona. Wengine hujitungia mwisho wao wenyewe. Waandishi wa programu dunia nzima walizoea kumalizia majina ya majaribio na dev, hadi Google ilipolimiliki neno hilo kihalali, na mwishoni mwa 2017 kivinjari cha Chrome kikaanza kulazimisha usalama wa HTTPS kwa kila jina linaloishia hivyo. Kazi za watu zikavunjika bila wao kugusa chochote. Julai 2024 ICANN ilitenga neno internal kwa matumizi ya ndani milele, lisiuzwe kwa yeyote. Kwa hiyo vitabu.shule.internal ni jina salama. Bora zaidi ni shule kuwa na jina lake halisi chini ya sc.ke, tawi la shule za Kenya, kisha seva ya ndani ikatumia tawi dogo la jina hilo. Jina la namna hiyo haliwezi kumilikiwa na mtu mwingine maadamu ada ya kila mwaka inalipwa.

Programu za kujibu majina ziko kadhaa, nami kwa shule moja yenye seva moja nashauri dnsmasq bila kusita. Ni nyepesi, inafanya kazi hata kwenye kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, na kwenye Debian au Ubuntu inawekwa kwa amri moja. Inasoma faili la /etc/hosts, lile ambalo kila kompyuta ya Linux inalo, na kuwajibu wote kutokana nalo. Unaandika mstari mmoja wenye nambari na jina: 192.168.10.2 vitabu.shule.internal. Unaongeza mwingine wa printa, na mwingine wa kamusi. Ndipo unaongeza mstari wa muhimu kuliko yote katika sura hii, ndani ya faili la mipangilio ya dnsmasq: local=/shule.internal/. Maana yake ni kwamba jina lolote linaloishia hivyo lijibiwe hapa, na kama halimo, jibu ni kwamba halipo. Swali hilo halitumwi nje kamwe. Ukiongeza domain=shule.internal, na ukiiachia dnsmasq kazi ya kugawa anwani badala ya ruta, vishikwambi vitajua kumalizia jina vyenyewe. Mtoto ataandika vitabu/, yaani neno na mkwaju mmoja baada yake, basi. Mkwaju huo una kazi: bila huo, kivinjari hudhani neno ni la kutafuta kwenye Google.

BIND ni ya mahali pakubwa zaidi, kwa mfano kiwanda cha chai chenye vituo vya kupimia majani, au chuo chenye kampasi mbili, ambako seva moja inatunza majina na ya pili inanakili. Humo majina yanaandikwa kwenye faili la zoni, na kosa linalowasumbua wanaoanza ni nukta ya mwisho. Ukiandika seva.shule.internal bila nukta, BIND inadhani hujamaliza na inakuongezea mkia, ikawa seva.shule.internal.shule.internal. Ukiandika na nukta mwishoni, inaelewa kwamba jina limekamilika. La pili ni nambari ya toleo iliyo juu ya faili, ambayo kwa desturi huandikwa kwa mwaka, mwezi, siku na zamu, kama 2025031401. Ukibadilisha majina usipoiongeza, seva ya pili itaamini hakuna jipya na itaendelea kutoa majibu ya zamani.

Maswali ya nje nayo yanahitaji njia. Seva yako inaweza kupanda hadi mzizi yenyewe, au inaweza kuyapeleka kwa seva ya kampuni inayokuuzia intaneti, au kwa zile za umma kama 8.8.8.8 ya Google na 9.9.9.9 ya Quad9. Penye njia nyembamba, peleka kwa nyingine, halafu hifadhi majibu mengi uwezavyo. dnsmasq kwa kawaida inakumbuka majina 150 tu. Iambie ikumbuke elfu moja. Watoto arobaini wakifungua ukurasa mmoja kwa pamoja, swali moja linatoka nje, na thelathini na tisa wanajibiwa kutoka kabatini.

Kuna jambo moja ambalo si la hiari. Seva inayowatafutia watu majibu iwahudumie wa ndani pekee, yaani anwani zinazoanza na 192.168.10. Ikiachwa wazi kwa dunia, wahalifu huitumia: wanatuma swali dogo kwa jina la mtu wanayetaka kumwangusha, na seva yako inamrushia jibu kubwa. Machi 2013 shirika la Spamhaus lilishambuliwa hivyo kupitia maelfu ya seva zilizoachwa wazi, na mafuriko yakafika takribani gigabiti 300 kwa sekunde. Funga mlango wa 53, ambao maswali ya majina hupitia, upande wa nje, wa UDP na wa TCP, zile njia mbili za kusafirishia data. Upande wa ndani fungua yote miwili, maana jibu likiwa kubwa huhamia TCP, na ukifungua UDP peke yake utapata hitilafu za hapa na pale ambazo hazieleweki.

Kwenye Ubuntu, dnsmasq inaweza kukataa kuwaka ikisema mlango wa 53 umeshikwa. Aliyeushika ni systemd-resolved, huduma ya majina iliyokuja na mfumo wenyewe. Izime, kisha hakikisha /etc/resolv.conf ya seva inaielekeza kwake yenyewe, 127.0.0.1, na andika nambari za seva za nje ndani ya mipangilio ya dnsmasq, la sivyo haitakuwa na pa kuyapeleka maswali ya nje.

Kupima tumia amri ya dig. Andika dig @192.168.10.2 vitabu.shule.internal, na kama jibu ni nambari uliyoiandika, upande wa seva uko sawa. Rudia kutoka kwenye kishikwambi. Baada ya hapo chomoa waya unaoingia kutoka nje, ngoja dakika kumi, urudie yote. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha kazi hii, kwa sababu watu hupima siku mtandao uko mzuri, na siku mtandao uko mzuri kila kitu hufanya kazi.

Kipimo hicho kitakufichulia mambo. La kwanza ni seva ya pili. Ruta nyingi zina nafasi mbili za kuandika seva za majina, na fundi mwenye nia njema huandika 192.168.10.2 ya kwanza na 8.8.8.8 ya pili, akidhani ya pili ni akiba. Kifaa hakichukulii hivyo. Kinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, na 8.8.8.8 itajibu kwa uhakika kwamba vitabu.shule.internal haipo duniani. Ukitaka ya pili, iwe kompyuta nyingine hapohapo shuleni yenye majina yaleyale. Kama huna, acha nafasi hiyo wazi.

La pili ni simu za Android. Tangu toleo la 9 lililotoka 2018 zina mpangilio wa DNS ya faragha, na mwalimu aliyeandika humo jina la kampuni fulani atakuta simu yake hailijui jina la ndani hata kidogo. Irudishwe kwenye hali ya kujichagulia. Tena simu ikiona Wi-Fi isiyo na intaneti hupenda kuhamia data ya laini. Mwambie mwenyewe azime data anapotumia vitabu.

La tatu limejificha ndani ya kurasa. Ukurasa ulio kwenye seva yako unaweza kuwa unaita aina ya herufi au programu ndogo kutoka tovuti ya nje. Intaneti ikikatika, kivinjari kinauliza jina la tovuti hiyo na kusubiri sekunde kadhaa kwa kila jina, na somo linaonekana limekufa ingawa liko palepale. Tafuta anwani zote za nje ndani ya faili za masomo, upakue zinachokiita, ukiweke kwenye seva.

La nne linahusu saa, na hili ndilo la Kuresoi hasa. Kompyuta nyingi ndogo, kama Raspberry Pi kabla ya toleo la 5 la mwaka 2023, hazina saa yenye betri. Stima ikikatika usiku na kurudi asubuhi, kompyuta inaamka ikidhani ni jana, au ni mwezi uliopita. Majibu ya majina yaliyotiwa sahihi kwa DNSSEC yana tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mzizi wenyewe umekuwa ukitia sahihi tangu Julai 2010. Seva inayokagua sahihi huku saa yake imepotoka inayaona majibu halali kuwa bandia na kuyakataa. Inataka kurekebisha saa kutoka mtandaoni, lakini seva ya saa nayo inaitwa kwa jina, na majina yote yanakataliwa. Imefungiwa nje na funguo ziko ndani. Tiba ni saa ndogo ya betri ya kuchomeka, ambayo ni ya bei nafuu. Ikikosekana, andika seva ya saa kwa nambari badala ya jina, au iachie seva ya juu kazi ya kukagua sahihi.

Mwisho, walimu huhamishwa na TSC, tume inayowaajiri, na anayeondoka mara nyingi ndiye pekee anayejua kilichofanywa. Andika kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa kabati: nambari ya ruta na ya seva, majina yote na nambari zake, mahali faili za mipangilio zilipo, jina la sc.ke kama lipo na mwezi wa kulilipia. Nywila ikae kwa mwalimu mkuu. Nakala ya faili za majina iwekwe kwenye flashi, pia ofisini kwake, kwa sababu kadi za kumbukumbu zinazotumika kama diski huharibika stima inapokatika wakati kompyuta inaandika, na mwenye flashi hiyo anaweza kuyarudisha majina yote kwenye kadi mpya kabla ya kipindi kinachofuata.